Kardinali Lavigerie, Mwombaji kwa Ajili ya Wengine

Charles Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba, 1825, karibu na mji wa Bayonne katika Ufaransa. Alipata upadre mwaka 1849, kisha akafundisha historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne, mjini Paris. Baadaye alipewa kukiongoza chama cha kuzisaidia shule za nchi za Mashariki.

Mwaka 1860 Wakristo wengi waliuawa katika Lebanoni na Syria, nao waliosalia walikosa nyumba na chakula. Lavigerie akaomba sadaka katika Ufaransa. Fedha zilipopatikana, alisafiri mwenyewe ili azigawanye. Ndivyo alivyojua kwamba mtu hutoa tena kwa furaha akiisha kujua sadaka yake ya kwanza imefika wapi.

Mwaka 1863 akawa askofu wa Nancy, na mwaka 1867 askofu mkuu wa Algiers. Wakati ule nchi ya Algeria ilipigwa na nzige, ukame na kipindupindu, hata watu wakafa kwa njaa njiani. Wakubwa wa serikali hawakupenda habari hizo zienee. Walakini Lavigerie aliandika barua kwa maaskofu wa Ufaransa, akaeleza wazi aliyoyaona, nazo sadaka zikaja. Akawakusanya yatima zaidi ya 1,000. Wengi wao walikufa, kwa maana waliletwa wamekwisha dhoofika, na maradhi yalikuwa yamewashika.

Njaa ilipopungua, Gavana MacMahon alitaka watoto warudishwe kwa makabila yao. Lavigerie alikataa, akapeleka shauri kwa Kaisari Napoleon wa Tatu, naye akakubaliwa kuwalea. Walipokua, wengine wakapewa mashamba katika vijiji alivyowajengea.

Mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Msafara wao wa kwanza wa nchi zetu ulitoka Algiers mwaka 1878, ukapitia Bagamoyo. Mwaka 1883 walijenga misioni Bukumbi. Mtu akitoka Nkome kwenda mashariki, akaivuka Ghuba ya Mwanza, hufika huko. Misafara hiyo yote ilihitaji nguo, ushanga, vyakula na mshahara wa wapagazi. Na fedha nyingine zilitumika kuwakomboa watoto waliouzwa utumwani.

Lakini kukomboa peke yake hakukutosha. Mtoto mmoja akikombolewa, mfanya biashara alipata fedha za kwenda kukamata mwingine. Basi mwaka 1888, Lavigerie, aliyekuwa kardinali tangu mwaka 1882, akaenda Ulaya, si kuomba fedha tu, bali kuomba biashara yenyewe ikomeshwe. Alikuwa mzee wa miaka 62, tena mgonjwa. Tarehe 1 Julai alihubiri Paris, tarehe 31 Julai akasema London, na tarehe 15 Agosti akahubiri Brussels. Aliwaeleza watu habari za misafara ya watumwa, vijiji vilivyochomwa moto, na wagonjwa walioachwa njiani. Vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa, na Papa Leo wa Kumi na Tatu akatoa faranga 300,000.

Mwaka 1889 mataifa yalikutana Brussels, na tarehe 2 Julai, 1890, yalitia sahihi mapatano ya kuizuia biashara ya watumwa. Mwaka huo huo Papa aliamuru sadaka ikusanywe makanisani kila mwaka, siku ya Epifania, kwa ajili ya kazi hiyo. Utumwa haukwisha siku moja. Lakini njia zake zilianza kuzibwa.

Lavigerie alikufa Algiers tarehe 26 Novemba, 1892. Alikuwa mtu mkali, aliyegombana na wakubwa mara nyingi. Walakini hakuona haya kunyosha mkono kwa ajili ya watu wasioweza kujisemea. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kumwombea mwenzako nako ni kutoa.