Jiwe Linalotoa Ushuhuda: Maisha ya Janani Luwum

Wiki hii nawaletea maisha ya jirani yetu wa Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, kwa sababu alijua kusimama na imani yake mbele ya wakubwa.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, karibu na Kitgum, akawa mwalimu wa shule. Januari 1948 aliokoka katika ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliotoka Rwanda ukafika hadi huku kwetu Kenya. Watu wa uamsho walitubu hadharani na kuambiana ukweli uso kwa uso. Naona hapo ndipo Mungu alipomwandaa. Mtu aliyezoea kutembea nuruni na ndugu zake hatashindwa kusema ukweli mbele ya rais.

Alisomea uchungaji Buwalasi, akawa Askofu wa Uganda Kaskazini 1969, kisha Askofu Mkuu mwaka 1974. Idi Amin alikuwa ametwaa nchi tangu 1971, na watu walichukuliwa wasirudi. Luwum alikuwa anaingia mwenyewe kwenye ofisi za serikali kuwatetea waliokamatwa. Wengine walimwona yuko karibu mno na serikali. Lakini ukaribu huo haukumfunga mdomo.

Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku wa manane, eti wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakakutana, wakamwandikia Amin barua kulalamikia mauaji, wakatia sahihi. Tarehe 16 waliitwa Kampala, Luwum akashtakiwa mbele ya umati wa askari kwamba anapanga kupindua serikali. Wenzake waliambiwa waende, yeye akabakishwa.

Kesho yake ilitangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Mwili ulipofika Mucwini, watu walifungua jeneza wakaona matundu ya risasi. Kule Namirembe, Kampala, kaburi alilochimbiwa lilibaki tupu. Waumini walikusanyika hapo Jumapili, wakakumbuka kaburi lingine lililokutwa tupu.

Sasa, najua sisi Wapentekoste hatuna mazoea na sanamu, na jiwe hatulisujudii. Lakini hata Yoshua alisimamisha mawe 12 pale Gilgali, ili watoto wakiuliza, waambiwe Bwana alitenda nini. Huko London, juu ya mlango mkuu wa magharibi wa Westminster Abbey, tangu 1998 kuna sanamu 10 za mashahidi wa karne ya 20. Mmoja wao ni Luwum, pamoja na Martin Luther King na Oscar Romero. Uganda nayo hupumzika kila tarehe 16 Februari kwa ajili yake. Amin alitaka dunia iamini ni ajali, lakini jiwe limesimama hapo likimkanusha.

Tuje hapa Pipeline. Mheshimiwa anaingia kanisani na bahasha, tunampigia makofi, hatumuulizi kitu. Kijana anachukuliwa usiku kwenye ploti, tunafunga mlango, asubuhi tunanong'onezana kwa ngazi. Maji yanafungwa wiki nzima, tunamlaumu keateka akiwa hayupo. Luwum aliwaombea wakubwa na kuwaheshimu, na bado aliwaambia ukweli kwa jina lake na sahihi yake. Mambo hayo mawili hayapingani.

Kwenye ushirika wa nyumbani wiki hii, someni Mathayo 14, habari za Yohana na Herode. Halafu mwulizane: ni jambo gani kwenye ploti yetu tunalisema gizani tu, na ni nani ataenda nasi kulisema mchana? Mkishajua, ombeni, kisha mwende. Msiende mmoja mmoja.