Abul-Qasim az-Zahrawi: Tabibu wa Kiislamu Aliyetibu Fizi kwa Kukwangua Ugaga

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Leo tunaeleza maisha ya mwanachuoni wa tiba ambaye elimu yake inawagusa hata ndugu zetu wa Ngulyati, wilayani Bariadi. Wapo wengi wanaotokwa damu kwenye fizi kila wapigapo mswaki, wakanyamaza mpaka jino linalegea, kisha wakaona dawa pekee ni kung'oa.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi. Alizaliwa karibu na mwaka 324 Hijria (936 Miladia), na nasaba yake inarejeshwa kwa Answari wa Madina. Nisba ya az-Zahrawi inatokana na Madinat az-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abdurrahman wa Tatu nje ya Qurtuba, katika Andalusia, ambayo leo ni Hispania. Huko ndiko alikoishi na kutibu watu kwa takriban miaka 50.

Matunda ya umri huo aliyakusanya katika kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30, alichokikamilisha karibu na mwaka 1000 Miladia. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake alichora vyombo vipatavyo 200 ili mwanafunzi aone umbo la kila kimoja na ajue kazi yake.

Katika sehemu hiyo alieleza maradhi ya fizi. Aliona kwamba juu ya meno, ndani na nje na baina ya fizi, huganda ugaga mgumu wenye rangi nyeusi, njano au kijani, na kwamba ugaga huo ndio unaoharibu fizi. Tiba yake ilikuwa kumkalisha mgonjwa mbele ya tabibu, kichwa chake kikiwa mapajani, kisha kuukwangua ugaga mpaka uishe. Usipoisha siku ya kwanza, mgonjwa arudi siku ya pili na ya tatu. Alichora vyombo 14 vya kukwangulia, kwa sababu chombo cha kusafisha upande wa nje wa jino si kile cha upande wa ndani wala cha katikati ya meno.

Hakuwa na haraka ya kung'oa. Aliwaonya watu dhidi ya vinyozi wajinga wanaong'oa jino zima na kuacha bovu, au kuvunja mzizi na taya. Meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu, akaiacha fedha kwa kuwa hushika kutu na kuharibika. Hapa tiba yake inakutana na fiqhi: Swahaba Arfaja bin As'ad (radhi za Allah ziwe juu yake) alipoteza pua vitani, akaweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wanavyuoni wakachukua humo ruhusa ya kufunga meno kwa dhahabu kwa ajili ya tiba, hata kwa mwanamume.

Az-Zahrawi alifariki karibu na mwaka 404 Hijria (1013 Miladia), zama ambazo mji wake uliporwa na kubomolewa katika fitina. Kitabu kilibaki. Gerard wa Cremona alikifasiri kile cha upasuaji kwa Kilatini katika karne ya 12, na Ulaya ikakisoma kwa karne nyingi.

Mpaka leo, msingi wa matibabu ya fizi ni uleule. Ugaga ukishakuwa mgumu hauondoki kwa mswaki. Daktari wa meno huukwangua juu na chini ya ufizi. Ukiachwa, mfupa unaoshika jino huliwa na haurudi wenyewe. Tumbaku na kisukari huzidisha maradhi haya.

Basi ndugu yetu, fizi zikitoka damu usiache mswaki. Piga taratibu, kisha uliza kituo cha afya kilicho karibu wapi pana daktari wa meno. Katika madhehebu ya Shafi'i, damu ya fizi haitengui udhu, lakini aliyefunga aiteme wala asiimeze kwa makusudi. Mtume wetu alihimiza mswaki kwa kila Swala bila kuufanya faradhi. Anayeutunza mdomo wake kwa nia hiyo anapata afya na ujira.

Allah amrehemu az-Zahrawi, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu a'lam.