Abunuwasi wa Kweli na Mvinyo wa Qutrabbul

Hapa Majengo, Pumwani, hakuna mtoto asiyemjua Abunuwasi. Marehemu baba yangu, aliyekuja Nairobi kutoka Lamu, alikuwa akitusimulia hadithi zake baada ya sala ya Isha: jinsi alivyoazima sufuria ya jirani akairudisha pamoja na kijisufuria, akisema imezaa, na safari ya pili akasema imekufa. Nami nikawasimulia wanangu vivyo hivyo.

Basi siku moja mwanangu akarudi kutoka shule na habari kwamba Abunuwasi alikuwa mlevi. Nilikasirika sana. Huku kwetu jambo hilo si la mzaha. Tangu mkoloni alipofungua kilabu cha pombe hapa Pumwani katika miaka ya 1920, walevi wetu hawahesabiki, na kaka yangu mkubwa alikufa kwa chang'aa. Nikaanza kutafuta vitabu ili nimtoe mwalimu yule makosa.

Nilichokikuta ni hiki. Jina lake hasa ni Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahwaz, Uajemi, karibu na mwaka 756. Baba yake alikuwa askari wa khalifa wa mwisho wa Bani Umayya, na mama yake Mwajemi. Alilelewa Basra, akasoma Qurani na lugha kwa mashekhe. Yasemekana mwalimu wake Khalaf al-Ahmar alimtaka ahifadhi maelfu ya beti za watu wa kale, kisha azisahau zote, ndipo akampa ruhusa ya kutunga.

Akahamia Baghdad, mji uliokuwa mpya bado, akawasifu mawaziri wa Barmaki na Khalifa Harun Rashid mwenyewe. Barmaki walipoangushwa mwaka 803 alikimbilia Misri, akarudi baadaye akawa swahibu wa Khalifa Amin, aliyetawala tangu 809. Hadithi za werevu alizushiwa baadaye. Hiyo ya sufuria, Waarabu wengi humsimulia Juha.

Na mvinyo? Mwalimu hakukosea. Kilichompa jina ni mashairi ya mvinyo, khamriyat. Aliutaja mara nyingi ule wa Qutrabbul, kijiji cha mizabibu karibu na Baghdad, ng'ambo ya magharibi ya mto Dajla. Wenye kuuza wengi walikuwa Wakristo, Mayahudi na Majusi. Mvinyo ulitiwa katika mitungi mikubwa ya udongo, mdomo ukazibwa kwa lami, ukaachwa miaka hata ukawa wa manjano kama dhahabu. Huo mkongwe ndio aliousifu, na wanunuzi Waislamu, yeye akiwa mmoja wao, walibisha hodi usiku. Harun alimfunga, na Amin naye, kwa urafiki wao wote, alimtia gerezani.

Nakiri kwamba nilikuwa karibu kukifunga kitabu. Lakini mtu huyu huyu aliacha pia mashairi ya zuhudi, ya kuogopa mauti na kuomba msamaha, na wajuzi wa Kiarabu hawayadharau. Alifariki Baghdad, kiasi cha mwaka 814, akazikwa huko huko. Yasimuliwa kwamba rafiki yake alimwota akiwa amesamehewa, kwa ajili ya beti chache alizotunga katika ugonjwa wake na kuziacha chini ya mto. Ikiwa ni kweli au la, Mola ndiye ajuaye. Mimi niliisoma mara mbili, nikamkumbuka kaka, ambaye siku zake za mwisho alikuwa akiomba tumshike mkono akatawadhe.

Nilimweleza mwanangu yote, hata ya ami yake, ambayo tulikuwa tumemficha. Akaniuliza kama babu yake alijua habari za mvinyo. Sikuwa na jibu. Baba alisoma Kiarabu vizuri, na katika sanduku lake la Lamu mna diwani moja iliyokatika jalada, ambayo hakuwahi kutusomea. Jina la mtungaji ni Hasan bin Hani.