Hans Berger, daktari aliyenasa mawimbi ya ubongo yanayomfichua dereva anayesinzia

Dereva akisinzia kwa sekunde 3 tu, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linakimbia mita 50 bila mtu wa kuliongoza. Kwa madereva wa malori na pikipiki wanaopita Mabalako au wanaopanda Butembo, umbali huo unatosha kumgonga anayetembea kando ya barabara. Watafiti katika nchi mbalimbali wanajaribu kofia na mikanda ya kichwa inayosoma ishara za ubongo ili kumwonya dereva mapema. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Mjerumani Hans Berger.

Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 karibu na mji wa Coburg. Alianza chuo kikuu akitaka kusoma elimu ya nyota, akaacha na kuingia jeshini kwa mwaka mmoja. Huko farasi alimwangusha mbele ya mzinga uliokuwa ukivutwa, akanusurika kidogo tu. Siku hiyo hiyo baba yake alimtumia telegramu, kwa sababu dada yake, aliyekuwa mbali, alihisi kwamba kaka yake yuko hatarini. Berger akaamini kwamba fikra zake zilimfikia. Akarudi Jena kusomea udaktari, akiitafuta nguvu hiyo ndani ya ubongo.

Alitafuta kwa miaka mingi, kimyakimya. Mwaka 1924 alifaulu kunasa umeme hafifu wa ubongo wa binadamu, akachapisha matokeo mwaka 1929. Mwanawe Klaus alikuwa miongoni mwa waliopimwa. Berger aliona kwamba mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi huja mara 10 hivi kwa sekunde, akifumbua, hufifia. Wengi hawakumwamini hadi mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipothibitisha. Fikra zinazosafiri hewani hakuzipata kamwe.

Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba usingizi unapomjia mtu, mawimbi ya polepole huongezeka. Hicho ndicho vifaa vya leo hutafuta kwa dereva. Kazi si rahisi: gari likirukaruka barabarani, misuli ya shingo na jasho huvuruga ishara.

Maisha ya Berger yana doa pia. Chini ya Wanazi alikaa katika mahakama iliyoidhinisha watu walioitwa wenye magonjwa ya kurithi wafungwe uzazi kwa nguvu. Alistaafu mwaka 1938, akaugua msongo mkubwa wa moyo, na tarehe 1 Juni 1941 akajiua mjini Jena.

Kipimo chake sasa kinatumika hospitalini duniani kote, hasa kwa wagonjwa wa kifafa. Kwa dereva, kinaweza kumwonya, lakini hakiwezi kumpumzisha. Anayeona kope zinamlemea bado hana budi kuegesha gari mahali salama na kulala kidogo.