Blumlein, mhandisi aliyeipa santuri masikio mawili

NYAYA nne nyembamba hupita ndani ya mkono wa gramafoni ya stereo, mbili zikibeba sauti ya kushoto na mbili ya kulia. Mwingereza aliyefungua njia hiyo, Alan Dower Blumlein, hakuishi kuiona ikiingia sebuleni mwa watu.

Alizaliwa London mnamo Juni 29, 1903. Baada ya kuhitimu uhandisi, alijiunga mwaka 1924 na kampuni ya vifaa vya simu, ambako alipambana na tatizo la maongezi kuvuja kutoka waya mmoja hadi mwingine katika laini za masafa marefu.

Mwaka 1929 alihamia kampuni ya santuri ya Columbia, ambayo ilishiriki katika muungano uliozaa EMI mwaka 1931. Inasimuliwa kuwa alikerwa na sinema za siku hizo, ambamo mwigizaji alionekana upande mmoja wa kiwambo huku sauti yake ikitoka upande wa pili.

Desemba 1931 aliwasilisha ombi la hataza. Alipendekeza sauti mbili zichorwe katika kuta mbili za mfuo mmoja, kisha sindano moja izisome kwa pamoja.

Januari 1934 aliirekodi okestra ya London Philharmonic kwa mtindo huo katika studio za Abbey Road. Hata hivyo, mradi huo uliwekwa kando, naye akageukia televisheni na baadaye rada.

Vita ndivyo vilivyomkatiza. Mnamo Juni 7, 1942, ndege aina ya Halifax iliyokuwa ikijaribia rada mpya ilianguka huko Herefordshire na kuua wote 11 waliokuwamo. Blumlein alikuwa na umri wa miaka 38. Aliacha mjane, wana wawili na hataza 128. Kwa ajili ya siri za vita, taifa halikuelezwa alivyofariki.

Santuri za stereo zilianza kuenea madukani mwaka 1958.

Wapenzi wa santuri wangali wanabishana iwapo nyaya za zamani za mkono wa gramafoni zinazishinda za kisasa. Umeme unaotoka kwenye sindano ni sehemu chache tu za elfu moja za volti au hata pungufu. Kwa hivyo urefu wa waya, kinga yake dhidi ya mvumo na kiasi cha chaji unachohifadhi huweza kuathiri sauti kuliko umri wake. Wanaobishana, wa kale na wa kisasa, wote wanasikiliza urithi wa marehemu huyo.