Horace Mann na mtihani uliowalenga walimu

Matokeo ya mitihani yakitoka, sisi wazazi hudhani aliyepimwa ni mtoto. Mimi humkumbuka Horace Mann wa Marekani, kwani katika ugomvi wake mtihani wa kuandika uliletwa shuleni kuwakamata walimu.

Mann alizaliwa mwaka 1796 huko Franklin, jimbo la Massachusetts, katika familia ya wakulima wa hali ya chini. Utotoni alisoma wiki chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote zilikuwa za shamba. Akajikakamua hadi Chuo Kikuu cha Brown, akawa wakili na mbunge wa jimbo. Mwaka 1837 aliacha uwakili akawa katibu wa kwanza wa Bodi ya Elimu ya Massachusetts, kazi isiyompa hata uwezo wa kumfuta mwalimu mmoja. Silaha yake ilikuwa ripoti ya kila mwaka.

Mwaka 1843 alioa, na fungate akalitumia kukagua shule za Ulaya. Namhurumia bibi harusi! Huko Prussia alikuta walimu wakifundisha bila viboko, akarudi na kuwasifu. Walimu wakuu 31 wa Boston walijiona wametukanwa, wakamjibu kwa kitabu kizima.

Hapo akaingia rafiki yake, Daktari Samuel Gridley Howe, mkuu wa shule ya vipofu, aliyechaguliwa kwenye kamati ya shule za Boston. Zamani kamati ilifika shuleni, ikauliza wanafunzi wachache kwa mdomo, mwalimu amesimama kando, kisha watu wakapongezana. Mwaka 1845 Howe na wenzake walikuja na maswali yaliyochapishwa, yale yale kwa shule zote, saa moja kwa kila somo. Wanafunzi wapatao 530 wa madarasa ya juu waliandika. Majibu sahihi yalikuwa kama matatu kwa kila kumi.

Mann alishangilia, shule zikapangwa kwenye jedwali, na baadhi ya walimu wakuu wakapoteza kazi. Kwamba maswali ya mdomo yalificha mengi, nakubaliana naye. Jedwali ndilo linalonikera. Shule ya Smith, ya watoto Weusi waliotengwa, iliburuta mkia, na namba hizo hazikusema lolote kuhusu ubaguzi uliowaweka pale. Sisi tulioishi na KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023, tunaijua vyema orodha ya namna hiyo: shule ya kijijini yenye madawati matatu kwenye mizani moja na akademia ya mjini.

Mann aliondoka mwaka 1848 akaenda bunge la taifa kupinga utumwa. Kuanzia 1853 aliongoza Chuo cha Antioch, Ohio, kilichosomesha wanawake pamoja na wanaume, na huko hakutaka wanafunzi washindanie zawadi. Alifariki huko Agosti 1859.