Fumo Liyongo: Jagina aliyeuficha uchungu katika ngoma

Jina la Fumo Liyongo likitajwa, wengi hukumbuka nguvu zake. Husimulia kimo chake, pembe alizozipuliza zikapasuka, na mwendo wa siku kadhaa alioumaliza kwa siku moja kutoka Shaka hadi Pate. Sifa hizo ni za kweli kwa kadiri hadithi ilivyo ya kweli, lakini si ndizo zilizoyafanya maisha yake yakumbukwe kwa huzuni. Kwa Liyongo, kila mchezo ulificha mauti na kila wimbo ulificha kilio.

Alikuwa mwana wa watawala wa Shaka, karibu na mlango wa mto Tana. Wataalamu hawajapatana kuhusu wakati wake. Wapo wanaomweka katika karne za mwanzo za miji ya Pwani, na wapo wanaomsogeza hadi karne ya 17. Simulizi yake ilichapishwa London mwaka wa 1870 katika kitabu cha hadithi zilizokusanywa Unguja na Edward Steere. Utendi unaosomwa zaidi ulitungwa mwaka wa 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu.

Mfalme wa Pate alimwogopa. Wagala waliofika mjini kununua chakula walipomwona Liyongo, walistaajabu hata wakaomba awaachie mbegu yake. Akaozwa binti wao, akazaliwa mtoto wa kiume. Sifa hizo zilimtia mfalme hofu ya kupokonywa kiti. Liyongo akakimbilia mwituni, akaishi na Wasanye na Wadahalo.

Huko nako fedha za mfalme zilimfuata. Wenzake waliahidiwa reale mia moja kwa kichwa chake, wakamwalika katika kikoa, ule mchezo wa kula kwa zamu. Kila mmoja angepanda mkoma siku yake na kuwaangushia wenzake matunda, na zamu ya Liyongo ikifika, angepigwa mishale akiwa juu mtini. Liyongo alipoona mkoma mrefu aliochaguliwa, hakupanda. Alichukua upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa pale pale chini. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mtu anaweza kuucheka ujanja huo, lakini ndipo alipojua kwamba hata waliokula naye sahani moja walikuwa wamemuuza.

Hatimaye alinaswa mjini Pate, akafungwa kwa minyororo, akahukumiwa kufa. Mjakazi wa nyumbani kwao, Saada, ndiye aliyempelekea chakula. Walinzi walikila kila kilicho kizuri na kumwachia makombo. Basi Liyongo akatunga wimbo, akamfunza Saada ili aupeleke kwa mamake. Walinzi walisikia maneno ya mfungwa aliyeshikwa na njaa. Mama alisikia ombi la tupa. Akaoka mkate wa wishwa, akaificha tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau mkate ule, wakamtupia.

Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, aliomba achezewe gungu na mwao. Watu wakakusanyika nje ya gereza, akawafunza nyimbo zake. Matuazi na matasa yalipovuma, yeye ndani alikuwa akikereza chuma. Umati uliimba kwa furaha maneno ya mtu aliyehesabiwa tayari kuwa maiti, na ni sauti zao zilizofunika sauti ya tupa. Minyororo ilipokatika alitoka, umati ukatawanyika, naye akarudi mwituni.

Lililomshinda lilitoka nyumbani mwake. Mfalme alimwita mwana wa Liyongo, kijana aliyekulia Pate, akamwahidi uwaziri na binti yake iwapo angeipata siri ya kinachoweza kumuua babake. Kijana akaenda, akapokewa kwa mapenzi, kisha akauliza. Utendi unaeleza kwamba baba alitambua kuwa mwanawe amehadaiwa. Hata hivyo alimjibu: sindano ya shaba, kitovuni.

Hapo ndipo penye uzito wa utendi wote. Mtu aliyeutegua mtego wa mkoma na kuwapumbaza walinzi kwa wimbo hakutumia hila yoyote mbele ya mtoto wake. Washairi hawakumpa hata beti za kujitetea. Kijana alisubiri hadi babake alipolala, akamchoma, akatoroka.

Liyongo aliamka na maumivu, akachukua upinde, akaenda karibu na kisima cha mji. Akapiga goti, akapachika mshale, akatulia hivyo hivyo. Watu walipomwona walirudi mbio na mitungi mitupu, wakidhani amekasirika. Kiu ikauingia mji. Wazee wakamwendea mamake, naye akatoka siku baada ya siku kumwimbia mwanawe ampoze hasira. Hakujibiwa. Mama alikuwa akimwimbia maiti bila ya kujua, hadi mwili ulipoanguka wenyewe, nayo sindano ikaonekana.

Kijana hakupata alichoahidiwa. Pwani ya Kipini hadi leo huonyesha mahali panaposemwa kuwa ni kaburi la babake.

Kijumwa, aliyeuandika utendi ule, mwenyewe alikuwa fundi wa nakshi na mjuzi wa ngoma, na huenda ndiyo sababu kisa cha gereza kimekaa vizuri mno mikononi mwake. Mwaka wa 2004 kundi la watafiti lilichapisha mkusanyiko wa mashairi yanayonasibishwa na Liyongo. Mengi ni ya gungu, ngoma ya waungwana, na kwa vizazi kadhaa watu wa Lamu na visiwa jirani waliziimba nyimbo zinazohesabiwa kuwa zake katika harusi, bibi arusi akipambwa na matuazi yakilia.